Majumba ya Chettinad: kwa nini matajiri wale walijenga kwenye nchi kame, mbali na bahari?

#1 Mtoro wa Msasani

Wakuu, salaam. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu nilipofika kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu, kwenye eneo linaloitwa Chettinad. Mji wake mkubwa ni Karaikudi, kama kilomita 90 kutoka Madurai. Ukitoka mjini kidogo ni vijiji: vumbi, mbuzi, mivumo imesimama mmojammoja, ardhi nyekundu isiyo na mto. Halafu unakata kona unakutana na nyumba ambayo mlango wake wa mbele uko mtaa huu na mlango wa nyuma uko mtaa wa pili. Nguzo za mtiki wa Burma (Myanmar ya leo), marumaru ya Italia, vioo vya Ubelgiji, chuma kutoka Birmingham. Na si nyumba moja, ni maelfu, zimetawanyika vijijini. Nyingi zina kufuli, ndani yumo mlinzi tu.

Waliojenga ni wafanyabiashara wanaojulikana kama Nattukottai Chettiar; wenyewe hujiita Nagarathar. Utajiri waliutafuta Burma, Sri Lanka, Malaya, Singapore mpaka Saigon. Sasa niambieni, mtu mwenye ofisi Rangoon ya Burma na Singapore, miji ya bandari, kwa nini kasri lake akalijenge kijijini kusiko na mto? Kila niliyemuuliza kule alinipa jibu tofauti. Wanaojua wafunguke.

#2 Njiwa Manga

Mkuu, mbona jibu jepesi. Mtu hujenga kwao. Nenda Kilimanjaro mwezi wa tatu, utaona maghorofa yamefungwa katikati ya migomba, wenyewe wako Dar na Arusha wanatafuta. Desemba ndiyo taa zinawaka.

#3 Kibirango

Njiwa Manga, Mchaga ana mito na migomba, ana sababu ya kurudi. Halafu hao Nagarathar, kwa masimulizi yao wenyewe, pale si asili yao. Wanasema walitoka Kaveripoompattinam, bandari ya kale ya wafalme wa Chola, mahali ambapo mto Kaveri unaingia baharini. Leo panaitwa Poompuhar. Yaani watu wa pwani waliamua kwenda kukaa bara. Swali la mwanzisha uzi bado limesimama palepale.

#4 Jiramba

Nawasalimu kutoka Nakuru. Hawa ndio Wahindi wale wenye maduka huku kwetu?

#5 Mkaazi wa Chennai

Jiramba, hapana. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, magharibi ya India, na walikuja na pepo za Bahari ya Hindi kuelekea upande wetu. Nagarathar ni Watamil, na wao waligeukia mashariki. Pia tusichanganye: jina Chetti au Chettiar linatumiwa na makundi mengi ya wafanyabiashara kusini mwa India. Hawa tunaowazungumzia ni kundi moja tu kati ya hayo.

Kuhusu kuhama kutoka Poompuhar, nipo Tamil Nadu muda mrefu na kazi hunipitisha Karaikudi, nimesikia masimulizi mawili na wenyeji wanabishana nayo mpaka leo. Moja linasema mfalme wa Chola aliwadhulumu na kuwavunjia heshima wanawake wao, wakaondoka kwa uchungu wakaomba hifadhi kwa mfalme wa Pandya, akawapa ardhi hiyo kame. La pili linasema bahari iliimeza bandari yao. Wanaoshika hili la pili hukuonyesha nyumba zenyewe: zote zimeinuliwa juu ya msingi mrefu, unapanda ngazi ndipo ufike barazani. Wanasema ile ni kumbukumbu ya mafuriko iliyojengwa kwa mawe.

Lakini mimi sababu ya kubaki pale naiona kwenye mahekalu. Wana mahekalu tisa ya koo: Ilayathangudi, Mathur, Vairavanpatti, Nemam, Iluppaikudi, Surakkudi, Velangudi, Iraniyur na Pillaiyarpatti. Kila familia ni ya hekalu moja, na watu wa hekalu moja ni kama ndugu, kwa kawaida hawaoani. Mwanamume akishaoa anahesabiwa kuwa *pulli*, yaani kitengo kimoja cha kuchangia hekalu na kijiji. Hata awe Penang au Colombo, jina lake liko kwenye daftari la kijiji chake. Ukihama jumla unajifuta. Nani angekuoza binti yake?

#6 Mwanahawa

Asante Mkaazi, hapo nimepata picha. Ila naona mpaka sasa ni wanaume tu wanahama, wanajenga, wanaandikwa daftarini. Wanawake walikuwa wapi? Naweka kiti.

#7 Mweka Hazina

Mimi natoka upande wa mabenki, niwape upande wa pesa, maana bila huo hamtaelewa zile nguzo.

Waingereza walipoichukua Burma ya Chini mwaka 1852, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, mpunga wa Burma ukawa bidhaa ya dunia. Delta ya mto Irrawaddy ilikuwa msitu na vinamasi. Mkulima alihitaji pesa ya kufyeka, ya mbegu, ya ng'ombe. Benki za Kizungu hazikumtazama. Chettiar ndiye aliyekwenda mpaka kijijini kumkopesha. Alikuwa na mtaji wake, akaongezea amana za ndugu zake, na akipungukiwa akakopa kwa hizohizo benki za Kizungu. Pesa zilisafiri kwa hundi. Kufikia 1930 walikuwa na ofisi zaidi ya 1,600 Burma, na kamati ya serikali iliyochunguza mambo ya benki kule mwaka 1929–30 ilikadiria mtaji wao kuwa rupia milioni 750.

Sasa angalieni maisha ya wakala wa kule. Alipelekwa kwa mkataba wa kama miaka mitatu, mkewe akibaki nyumbani. Ofisi iliitwa *kittangi*: jengo refu, mawakala wengi pamoja, kila mmoja na kasha lake na dawati fupi la kukalia chini, na usiku analala palepale. Kule Singapore walikuwa mtaa wa Market Street. Mtu wa namna hiyo hajengi Rangoon, Rangoon ni kazini. Faida inarudi kijijini, na kijijini ndiko amana zinakotafutwa. Kwangu mimi kasri lile lilikuwa dhamana. Jirani anayetaka kukuwekea akiba yake anapita mbele ya nyumba yako kila siku.

#8 Jiramba

Mweka Hazina umeeleza vizuri lakini umepita mbio mahali pachungu. Hizo nguzo za mtiki zimesimama juu ya jasho la mkulima wa Burma. Katika wilaya 13 kubwa za mpunga za Burma ya Chini, mwaka 1930 Chettiar walimiliki kama asilimia 6 ya ardhi. Kufikia 1937 ilikuwa asilimia 25. Robo ya mashamba, kwa miaka saba! Watu walilala na shamba wakaamka wapangaji. Tukisifu urembo wa nyumba tuseme na hilo.

#9 Mweka Hazina

Takwimu ni hizo, sibishi. Ila tazama mwaka. Mdororo wa dunia ulianza 1929, bei ya mpunga ikaanguka vibaya, mkulima akashindwa kulipa, dhamana ilikuwa shamba. Chettiar hakutaka shamba, alitaka fedha taslimu arudishe amana za watu. Alijikuta ameshika matope ambayo hayauziki. Na ndiyo yaliyomponza baadaye, maana Waburma walimchukia kwa haki kabisa.

#10 Jiramba

"Hakutaka shamba" lakini alilichukua. Mkulima aliyefukuzwa haimsaidii kujua kwamba mwenye kumfukuza naye alikuwa na huzuni.

#11 Mjukuu wa Koplo

Mmetaja Burma nimeshindwa kunyamaza. Babu yangu mzaa baba alipigana kule akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, Divisheni ya 11. Walifanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, mwaka uliofuata wakaingizwa bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, wakamfukuza Mjapani mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, Desemba 1944. Alikuwa akisimulia vijiji vitupu na mashamba ya mpunga yaliyoota magugu. Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na Watamil waliokuwa wakidai mashamba hayo. Hao Chettiar wakati wa vita walikuwa wapi?

#12 Njiwa Manga

Haya, uzi wa nyumba umeingia jeshini. Kesho tutakuwa Hiroshima.

#13 Mtoro wa Msasani

Mwache Njiwa Manga, swali la Mjukuu ni zuri na heshima kwa mzee wetu. Hata mimi nataka kujua lini hasa pesa zilikatika.

#14 Mkaazi wa Chennai

Zilikatika kwa awamu. Mabomu ya Wajapani yalianza kuanguka Rangoon tarehe 23 Desemba 1941, na Machi 1942 mji ukachukuliwa. Wahindi kwa malaki walikimbia, wenye bahati kwa meli, wengine kwa miguu kupitia milima kuelekea Assam na Manipur, na wengi walikufa njiani. Mjukuu, babu yako alipofika bonde la Kabaw alikuwa anapita njia mojawapo waliyopita wakimbizi hao. Baada ya vita Chettiar wachache walirudi kudai mali, Burma ikapata uhuru 1948, wakataifisha kila kitu mwaka huohuo, ikawa basi.

#15 Kibirango

Tusahihishe. Mwaka 1948 ilipita sheria ya kutaifisha ardhi, na hiyo ndiyo iliyowagusa kwenye mashamba. Benki na maduka yalisubiri mpaka baada ya mapinduzi ya Jenerali Ne Win ya 1962: benki 1963, biashara 1964, na hapo Wahindi wengi waliobaki wakaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo kati ya vita kufika Rangoon na kufungwa kabisa kwa mlango kuna miaka zaidi ya ishirini. Hilo linasaidia kueleza kwa nini kuna nyumba za mwanzoni mwa miaka ya 1940 zenye mtindo wa saruji na kona za mviringo. Pesa ilikuwa bado haijakauka.

#16 Fundi Chokaa

Wakuu naona mnazungumza siasa na benki, nyumba mmeiacha. Mimi ni fundi ujenzi, nilikwenda kule kwa ajili ya kuta tu.

Ukuta wa Chettinad unaushika kwa kiganja saa nane mchana, nje jua linaua, na ukuta ni wa baridi, laini, unang'aa kiasi cha kuona kivuli chako. Si rangi, na si marumaru. Ni chokaa iliyolowekwa na kusagwa, inapigwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka laini kuliko lililotangulia, na kwenye tabaka za mwisho unaingia ute mweupe wa mayai. Kisha fundi anasugua kwa jiwe laini mpaka chokaa inajifunga. Kuta hizo zina karibu miaka mia na hazijapakwa rangi. Ninapowaona watu wetu wanakwangua chokaa ya zamani wanapiga saruji juu ya mawe ya matumbawe roho inaniuma, maana ukuta unakosa pumzi na unyevu unabaki ndani. Haya si mambo ya kizamani, ni ufundi ambao ukifa haurudi.

Mpango wa nyumba nao una akili. Mbele kuna baraza la wageni na la hesabu. Ndani yake ukumbi wa sherehe. Kisha ua ulio wazi juu, umezungukwa na nguzo, na vyumba vimepangwa pembeni viwiliviwili: kila mtoto wa kiume akioa anapewa vyake. Nyuma ni ua wa pili wa chakula na wa tatu wa jikoni. Ukisimama mlango wa mbele unaona mpaka mlango wa nyuma, na upepo unapita humohumo.

#17 Baharia Mstaafu

Na ile sakafu yenye maua ya rangi, vigae vya Athangudi walivyoleta kutoka Italia? Nimeona picha. Halafu kasri la Kanadukathan lenye madirisha elfu moja.

#18 Fundi Chokaa

Baharia, Athangudi ni kijiji cha palepale, vigae vinatengenezwa huko na mpaka leo unaweza kukaa ukamtazama fundi. Kilichotoka Italia ni marumaru, na kutoka Japani ni vigae vidogo vya kupamba kuta. Cha Athangudi hakichomwi kwenye tanuri. Anaweka kioo chini, juu yake chuma chenye maumbo ya ua, anamimina saruji ya rangi tofauti kila chumba cha ua, anatoa chuma, anafunika kwa mchanga wa pale na saruji, anakandamiza. Kinalowekwa majini, kinaanikwa, na kioo kinaachia chenyewe kikaacha uso unaometa. Kadiri kinavyokanyagwa na kupigwa deki ndivyo kinavyozidi kung'aa.

Na nyumba ya madirisha elfu iko Karaikudi mjini, ilijengwa 1941. Kasri la Kanadukathan ni jingine kabisa, ni la ukoo wa Raja Annamalai Chettiar.

#19 Mkaazi wa Chennai

Nyongeza kwa atakayekwenda: hilo kasri la Kanadukathan ni nyumba ya familia, si makumbusho. Usipange safari ukitegemea kuingia ndani. Zungukia mitaa ya kijiji, kuna nyumba nyingine ambazo mlinzi hukufungulia kwa ada ndogo. Tazameni juu ya kuta za mbele: mungu wa kike Lakshmi katikati ya tembo, na pembeni yake wanajeshi wa Kiingereza wa plasta wenye kofia na bunduki, wanalinda.

#20 Bi Ukwaju

Salaam wanangu. Mmekaa siku mbili Chettinad hamjala?

Chakula chao ndicho kilichowatangazia jina kuliko nyumba. Kuku wa Chettinad si pilipili tupu kama wanavyowapikia hotelini. Viungo vinakaangwa vikavu na kusagwa siku hiyohiyo: pilipili manga, giligilani, shamari, mdalasini, karafuu, ile anisi yenye umbo la nyota, na viwili ambavyo kwetu hatuna mazoea navyo. Kimoja ni *kalpasi*, utando mweusi mkavu unaoota juu ya mawe na magome. Ukiuonja peke yake hauna kitu, ukiutia kwenye mafuta ya moto chumba kizima kinabadilika harufu. Kingine ni *marathi mokku*, vitumba vikavu vya msufi. Asubuhi wanakula *paniyaram*, na wanatumia chuma cha vitumbua hasa, chenye vishimo, ila unga wao ni wa mchele na dengu uliochachuka.

Na wali mweusi wa sikukuu, *kavuni arisi*, unaonata, wenye sukari na nazi. Huo mchele walirudi nao kutoka Burma. Burma imeondoka mikononi mwao, sahani yake imebaki mezani.

#21 Njiwa Manga

Bi Ukwaju umenifanya nifungue friji saa nne usiku na hamna kitu. Ila mbona nilisoma hawa ni watu wa mungu Shiva, hawali nyama?

#22 Bi Ukwaju

Zamani walikuwa hivyo kwa sehemu kubwa, mwanangu. Nyama na samaki inasemwa viliingia kwa safari zao za mashariki. Na mpaka leo siku za ibada na sehemu kubwa ya karamu za harusi ni mboga tupu, juu ya jani la mgomba. Wewe nenda kachemshe viazi ulale.

#23 Mwanahawa

Nimesubiri, hakuna aliyejibu, basi nitajibu mwenyewe, maana nimekuwa nikisoma habari zao kwa muda.

Mweka Hazina kasema wakala anakwenda miaka mitatu na mke anabaki. Sasa hesabuni: kijiji kizima, wanaume watu wazima wengi wao wako ng'ambo kwa zamu. Nani anasimamia nyumba ya vyumba hamsini? Ni *aachi*, ndivyo anavyoitwa kwa heshima mwanamke aliyeolewa. Ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye hesabu za ndani. Na ndani ya paa moja kila mtoto wa kiume aliyeoa alikuwa na jiko lake na bajeti yake. Wanaishi pamoja, wanasali pamoja, lakini kila mke anajua mchele wake umebaki kiasi gani. Mimi naona huo ni utaratibu wenye hekima kuliko familia nyingi ambapo sufuria ni moja na ugomvi ni mmoja.

Halafu vile vyumba viwiliviwili havikuwa vya kulala sana, watu walilala varandani. Vilikuwa ghala. Binti akiolewa alikwenda na vyombo vya maisha yake yote: masufuria ya shaba, vyombo vya enameli kutoka Ulaya, vikapu vya majani ya mvumo vinavyoitwa *kottan*, sari za *kandangi* zenye miraba na mistari mipana, na *kazhuthuru*, mkufu mzito wa dhahabu wa ndoa yao. Vitu hivyo vinahesabiwa, vinaandikwa, vinawekwa. Nyumba ikawa kubwa hivyo kwa sababu ya mabinti na harusi zao. Ua ule ni wa harusi, ni wa jubilei ya miaka sitini ya mzee, ni wa watu mia tano kula kwa zamu. Rangoon huwezi kufanya hivyo, kwa sababu mashahidi wako wote wako kijijini.

#24 Mtoro wa Msasani

Mwanahawa, hili sikuwa nimelisikia kwa yeyote kule, labda kwa sababu niliwauliza wanaume. Nashukuru sana.

#25 Kibirango

Maelezo ya Mwanahawa yanaeleza ukubwa wa nyumba, hayaelezi mahali. Mimi nina lingine. Kabla ya Burma, karne ya 17, biashara yao inayojulikana ni chumvi. Waliitoa pwani wakaipeleka bara, njia ya kuelekea Palani, kwenye hekalu kubwa la mungu Murugan mlimani. Ukitazama ramani, Karaikudi iko kati ya pwani na miji ya bara, mahali pazuri kabisa kwa mtu wa misafara ya chumvi. Mpaka leo, mwezi wa Januari kuingia Februari, maelfu yao hutembea kwa miguu kwenda Palani kwa sikukuu ya Thai Poosam. Na popote walipokwenda walimchukua Murugan: hekalu lao la Singapore pale Tank Road ni la 1859. Kwa hiyo hawakwenda kujificha mbali na bahari. Walikaa kwenye barabara yao ya biashara, na wakati wa utajiri wa Burma walikuwa wameshaota mizizi.

#26 Fundi Chokaa

Na ule ukame mnaouzungumzia, walikuwa na dawa yake. Mapaa yote yanaelekeza maji uani, kwenye mitungi na visimani, yanayozidi yanatoka kwa mifereji mpaka kwenye bwawa la kijiji, *oorani*, lililojengewa ngazi za mawe. Mitaa imenyooka, ina mteremko wake. Mtu aliyepanga kijiji vile hakuwa mpita njia.

#27 Mhitimu wa Chidambaram

Nimesoma Annamalai University kule Tamil Nadu, mbona hamjataja kwamba chuo kile ni matunda ya Chettinad? Tena kiko kwao kabisa.

#28 Mweka Hazina

Ni matunda yao, ila kiko Chidambaram, mbali na Chettinad. Annamalai Chettiar alikianzisha 1929. Kaka yake Ramaswami alikuwa miongoni mwa walioanzisha Indian Bank mwaka 1907, baada ya kampuni ya Arbuthnot ya Madras (Chennai ya leo) kuanguka 1906 na kufilisi watu wengi. Kisha Chidambaram Chettyar akaanzisha Indian Overseas Bank tarehe 10 Februari 1937, na siku hiyo milango ilifunguliwa mahali patatu kwa pamoja: Karaikudi, Madras na Rangoon. Mji mdogo wa bara umesimama safu moja na miji miwili ya bandari.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Alagappa Chettiar, 1909 mpaka 1957. Alitoa ekari 300 na rupia laki 15 ili taasisi ya taifa ya utafiti wa elektrokemia ijengwe Karaikudi. Waziri Mkuu Nehru aliweka jiwe la msingi 1948, ikafunguliwa 1953, na hadi leo inafanya kazi. Alianzisha na chuo 1947 ambacho mbegu yake ndiyo Alagappa University. Jiramba, huyo naye mweke kwenye mizani yako.

#29 Jiramba

Nimemweka, na namheshimu. Mkulima wa Burma bado yuko upande ule mwingine wa mizani.

#30 Baharia Mstaafu

Na sasa hizo nyumba zinafanywa nini? Picha nilizoona nyingine zimeota miti juu ya paa.

#31 Mkaazi wa Chennai

Hili ndilo linaloumiza. Nyumba ilijengwa na babu mmoja, leo warithi ni thelathini, wako Chennai, Singapore, Marekani. Ili kubadilisha hata boriti wote wakubaliane. Wanaoshindwa wanaiuza, na mnunuzi haitaki nyumba, anataka mbao. Inavunjwa, na kesho yake milango, nguzo, vioo na vyombo vya enameli viko kwenye maduka ya vitu vya kale ya Karaikudi. Nimesimama mbele ya nguzo ya mtiki ya mduara nisioweza kuukumbatia, imelazwa vumbini, imeandikwa bei kwa chaki.

Kuna wanaopigana. Nyumba kadhaa zimekuwa hoteli na zimetunzwa vizuri: The Bangala pale Karaikudi, Visalam pale Kanadukathan, Saratha Vilas ambayo wasanifu wawili wa Kifaransa waliifufua. Mwaka 2014 India iliweka vijiji vya Chettinad kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Na familia nyingine, japo hazikai pale, hurudi wote kwa harusi na kwa sikukuu yao ya Pillaiyar Nonbu, nyumba inafagiliwa, majiko ya nyuma yanawashwa.

#32 Bi Ukwaju

Nikitaka kwenda na binti yangu, njia ni ipi na mwezi gani?

#33 Mkaazi wa Chennai

Mama, panda treni ya Pallavan kutoka Chennai, inakushusha Karaikudi moja kwa moja. Au ndege mpaka Madurai kisha gari. Desemba hadi Februari hali ya hewa ni nzuri. Mei usithubutu, joto linafika nyuzi 40. Ukienda katikati ya Januari utakuta Pongal, sikukuu ya mavuno, na kijiji cha Siravayal jirani kina mchezo maarufu wa kukamata mafahali. Pillaiyarpatti usipaache, hekalu limechongwa ndani ya mwamba, na ngome ya Thirumayam ya 1687 iko njiani kuelekea Pudukkottai. Vijijini mchukue dereva wa Karaikudi, anajua ni mlinzi yupi ana funguo.

#34 Njiwa Manga

Nimesoma wote. Bado nasema mtu hujenga kwao, na mmenisaidia kuthibitisha: hekalu ni kwao, harusi ni kwao, daftari ni kwao.

#35 Kibirango

Hiyo "kwao" yako inameza kila kitu. Kama si chumvi na barabara ya Palani, kwao kungekuwa kwingine.

#36 Mwanahawa

Chumvi iliwaleta, sawa. Lakini misafara ya chumvi ilikwisha zamani na watu hawakuhama. Aliyewashikilia ni aliyebaki na funguo.

#37 Mweka Hazina

Na aliyelipia mtiki ni Rangoon. Nitaleta habari za hundi zao jinsi zilivyokuwa zikiandikwa, wengi watashangaa. Mjukuu wa Koplo, kama babu yako aliacha picha za Ceylon au Kalewa, fungua uzi wake, wengi tutakuja.